Pragelato: wakubwa walipita, kijiji kikabaki

Jumamosi nilitoka mjini nikapanda milimani, na kichwa changu cha historia kikagoma kwenda likizo. Kwa hiyo leo mtanivumilia, maana nina maneno kuliko picha.

Pragelato ni vitongoji vingi vyenye jina moja, kwenye bonde la mto Chisone, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wakazi hawafiki hata elfu moja. Unachukua treni hadi Pinerolo, halafu basi linalopanda kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba. Nyumba ni za mawe, milima imekuzunguka pande zote, na baridi yake haijali kwamba jua linawaka.

Swali nililorudi nalo ni hili: wakubwa wakishamaliza shida zao na kijiji, kijiji kinabaki na nini?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1343 watu wa mabonde haya walikaa mezani na mtawala wao, Humbert II, wakamlipa fedha, naye akawapa hati ya haki zao. Tangu hapo mabonde matano, hili likiwemo, yakaendesha mambo yao kwa mabaraza: kugawana mzigo wa kodi, kuchagua wawakilishi, kuamua mambo ya pamoja. Waliita maeneo hayo Escartons. Na hawa walikuwa wakulima na wafugaji tu jamani, si mabwana wa majumba!

Kisha wakubwa wakaja. Mwaka 1713, kwenye mkataba uliosainiwa Utrecht, huko Uholanzi, Ufaransa na nasaba ya Savoy walibadilishana mabonde. Mpaka ukafuata mgongo wa milima, pale maji yanapogawanyika, na Pragelato ikatoka Ufaransa ikawa ya Savoy. Hakuna aliyehama nyumba, lakini watu wakaamka wakiwa na bwana mwingine.

Waprotestanti ndio waliumia zaidi. Mwaka 1685 Louis XIV alikuwa ameshawafutia ruhusa ya kuabudu, wengi wakakimbilia Uswisi na Ujerumani. Waliosalia nao, mwaka 1730, mfalme mpya wa Savoy akawaambia wachague: dini yao au bonde lao. Yaani mfalme amebadilika, amri ni ile ile.

Hapo hapo Savoy wakaanza, mwaka 1728, kujenga ngome kubwa ya Fenestrelle chini kidogo bondeni. Ina ngazi iliyofunikwa yenye karibu vidato 4,000, na miguu yangu imegoma kabisa kuzungumzia habari hiyo. Tarehe 19 Julai 1747 Wafaransa walijaribu kupita juu, Colle dell'Assietta, zaidi ya mita 2,400. Waliuawa na kujeruhiwa kwa maelfu, na kamanda wao akafia hapo hapo. Leo watu hupanda huko kwa baiskeli na kupiga picha.

Lakini kilichonishika moyo ni bonde dogo la pembeni, Val Troncea. Huko juu, sehemu inayoitwa Beth, palikuwa na mgodi wa shaba. Tarehe 19 Aprili 1904, theluji ikiwa imezidi, wachimbaji waliamua kushuka. Njiani poromoko la theluji likawafunika, watu 81 wakafa. Hebu fikiria: kijiji cha ukubwa huu, halafu maiti 81. Shaba iliyochimbwa pale iliishia mbali na bonde, ila vilio vilibaki humo humo.

Mgodi sasa ni magofu. Tangu 1980 Val Troncea ni hifadhi ya asili, na mwaka 1987 walirudishwa mbuzi wa milimani wenye pembe ndefu za kupinda, kutoka hifadhi ya Gran Paradiso. Mlima uliochimbwa umerudishiwa wanyama wake.

Na michezo je? Mwaka 2006 Olimpiki ya majira ya baridi ya Torino ilileta hapa mbio za skii na kuruka kwa skii. Wakenya wataipenda hii: tarehe 17 Februari 2006, kwenye theluji ya Pragelato, Philip Boit alishindana mbio za kilomita 15. Mshindi alikuwa Andrus Veerpalu wa Estonia. Boit alikuwa nyuma sana, lakini hakuwa wa mwisho! Robel Teklemariam wa Ethiopia naye alikuwepo siku hiyo, Mwethiopia wa kwanza kushiriki Olimpiki ya baridi.

Baada ya sherehe, majukwaa ya kurukia yakakosa kazi. Yamesimama mlimani, makubwa, kimya. Olimpiki iliporudi Italia mwaka 2026, urukaji ulipelekwa Predazzo. Lakini njia za mbio za skii bado zina watu, wakiwemo wazee na watoto. Si ajabu, maana kuteleza bondeni kunahitaji theluji na miguu tu, na hivyo viwili wenyeji wanavyo.

Ndiyo maana jibu langu ni hili: kinachobaki ni kile ambacho wenyeji wangekifanya hata kama mkubwa asingekuja. Ngome haina tena wa kumzuia, mgodi umekufa, majukwaa yanapigwa na upepo. Lakini njia, malisho, na lugha yao ya Kioksitani ambayo sheria ya Italia ya 1999 inailinda, bado vipo. Siku nyingine mtu akituletea mradi mkubwa kijijini kwetu, tusimuulize tu utagharimu kiasi gani. Tumuulize nani atautumia yeye akishaondoka.

Haya, Jumatatu kuna semina na sijasoma hata ukurasa mmoja. Wikendi njema!