Kidole gumba kimevimba kwenye shina? Usikimbilie kukikanda

Umeanguka na bodaboda ukajikinga kwa mkono, au umerusha ngumi ikagonga ukuta. Sasa shina la kidole gumba, karibu na kifundo cha mkono, limevimba, na hata kushika kikombe ni shida. Wengi husema "kimeteguka tu", wanakanda, basi. Hapo ndipo tatizo linapokua.

Huenda umevunjika. Aina moja inayojulikana sana huitwa mvunjiko wa Bennett, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Dublin aliyeueleza mwaka 1882. Ufa huingia hadi ndani ya kiungo. Kipande kidogo cha mfupa hubaki mahali pake, lakini kano huuvuta mfupa uliobaki pembeni. Ndiyo maana haukai sawa wenyewe.

Fanya hivi:

- Vua pete mapema.
- Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na inua mkono.
- Usikande wala kuvuta kidole.
- Nenda hospitali upigwe eksirei.

Mara nyingi daktari huurudisha mfupa na kuushikilia kwa waya nyembamba, kisha plasta ngumu kwa wiki 4 hadi 6. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Plasta ikitolewa, kidole kitakuwa kigumu. Usiogope. Ukielekezwa kuanza mazoezi, gusisha kidole gumba na ncha ya kila kidole, taratibu.

Ukipuuza, kiungo husagika, maumivu hayaishi, na hata kufungua chupa huwa kazi.