Haki ya Kazi kwa Wasioona

Kumbagua asiyeona katika ajira ni kumnyima kazi, au nafasi ya kuishindania, kwa sababu haoni, ilhali anao ujuzi unaohitajika. Ubaguzi huu hautangazwi. Mara nyingi huvaa sura ya huruma. Mwombaji husifiwa kwa elimu yake, huahidiwa kupigiwa simu, na simu haiji.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza hutangulia usaili. Tangazo la kazi likisambazwa kama picha, mara nyingi programu ya kusoma skrini kwa sauti hushindwa kulisoma. Mtihani wa mchujo ukitolewa kwenye karatasi ya kawaida, bila nukta nundu wala kompyuta yenye sauti, humpima mwombaji macho, si akili. Na afikapo mbele ya wasaili, maswali huelekezwa kwa aliyemshika mkono, kana kwamba yeye mwenyewe hayupo.

Chanzo kikubwa ni dhana. Mwajiri hufumba macho, hujiona hawezi lolote gizani, kisha huamua kwamba hata asiyeona hawezi. Husahau kwamba mwenzake amekwisha kujifunza kufanya kazi bila kutegemea macho. Kwa programu kama NVDA, isiyolipiwa hata senti, asiyeona husoma barua, huandika taarifa na kutunza kumbukumbu za ofisi.

Sheria ya Tanzania

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na ulinzi huo unamhusu pia mwombaji kazi. Si ubaguzi kudai sifa ambayo kazi haifanyiki bila hiyo. Hakuna asiyeona anayedai udereva. Lakini mlalamikaji akionesha ushahidi wa awali, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kwa hiyo mwombaji atunze tangazo, nakala ya maombi na kila jibu alilopewa. Aidha, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3.

Mafundisho ya Kanisa

Katika waraka wake *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II anafundisha kwamba mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zote, na kwamba kuwapokea kazini wenye afya timilifu peke yao ni ubaguzi wa wenye nguvu dhidi ya wanyonge. Sadaka haiwezi kuchukua nafasi ya haki hiyo. Anayestahili mshahara asipewe msaada badala yake.

Wajibu wa mwajiri

Amwulize mwombaji mwenyewe, kabla ya kuamua: Kazi hii utaifanyaje, nawe wahitaji nini? Wajibu huo unazihusu pia shule, zahanati na ofisi zetu za parokia.