Kiasi cha Bunduki na Kiasi cha Nafsi



Nilipokuwa mtoto tulikuwa na jirani mmoja, mtu mzima, aliyekuwa na gobori la kulindia shamba lake la muhogo lisiliwe na nguruwe mwitu. Jioni sisi watoto hukaa barazani kwake tukimtazama akilishindilia. Humimina baruti mtutuni kwa kipimo chake cha pembe, hutia kitambaa, akasukuma kwa mdeki, hutia risasi akasukuma tena, kisha akaweka fataki. Siku moja mwenzetu alimwuliza, "Babu, mbona hutii baruti nyingi ili ilie sana?" Mzee akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, ikizidi itaniua mimi kabla ya nguruwe."

Wazee wetu wa pwani walikuwa na jina la ajabu kwa ile baruti na risasi iliyokwisha kupimwa na kufungwa pamoja. Waliiita kiasi cha bunduki. Kiasi, neno lile lile tunalolitumia tukisema mtu ale kwa kiasi na aseme kwa kiasi. Leo nataka tulifuate neno hili katika historia ya watu waliokuwa hodari kupita wote kwa kutengeneza viasi vyao kwa mkono, ili uone lililowapata. Sikufundishi kazi ya silaha, kwani kazi hiyo ina wenyewe na ina sheria zake. Nataka tuzingatie pamoja.

Baruti ya zamani ni vitu vitatu: shura, kiberiti na makaa. Wachina ndio waliotangulia kuijua. Ilipofika nchi za Kiislamu, mtaalamu wa Sham, Hasan al-Rammah, aliandika katika karne ya 13 namna ya kuisafisha shura, kwani shura chafu haitoi nguvu. Basi kwa karne nyingi kila mwenye bunduki alikuwa fundi wa viasi vyake mwenyewe, kama yule jirani yetu. Mwaka 1807 kasisi mmoja wa Scotland aliyependa kuwinda ndege, Alexander Forsyth, alipata hati ya kuwasha baruti kwa dawa inayolipuka ikigongwa, na katika hiyo ndiyo ikazaliwa fataki. Kisha likaja ganda la shaba, nalo likakusanya yote mahali pamoja: fataki kitakoni, baruti tumboni, risasi mdomoni. Mwaka 1866 Edward Boxer wa Uingereza na Hiram Berdan wa Marekani kila mmoja alitoa namna yake ya fataki ya katikati ya kitako.

Hapo ungedhani kazi ya mkono imekwisha, maana viwanda vilianza kuuza viasi vilivyo tayari. Haikuwa hivyo. Ganda la shaba haliungui na baruti. Likisha kutumika huweza kutolewa fataki iliyokufa, likatiwa mpya, likanyoshwa mdomo, likajazwa tena. Risasi yenyewe huyeyushwa, ikachanganywa na bati kidogo, ikamiminwa katika kalibu. Mwaka 1884 John Barlow wa mji wa New Haven, Marekani, alianza kuuza chombo mfano wa koleo kilichofanya kazi hizo, kidogo hata mtu aweza kukichukua katika mfuko wa tandiko la farasi.

Watu walipenda kazi hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni gharama. Ya pili ni shabaha ya mbali. Risasi haiendi kama uzi ulionyoshwa. Tangu inapotoka mtutuni huanza kuanguka, na jinsi mwendo wake unavyokuwa mdogo ndivyo inavyoanguka zaidi. Kiasi kimoja kikiwa na baruti nyingi kidogo kuliko kingine, karibu hutaona tofauti, lakini mbali risasi moja itapita juu na ya pili itapiga mchanga. Kwa hiyo mafundi hawa hupima baruti kwa greni, kipimo kidogo sana ambacho 7,000 zake ndizo ratili moja. Wa siku hizi hupima hata sehemu ya kumi ya greni. Twajua kwamba Sura ya Ar-Rahman imeitaja mizani. Naam, hawa ni watu wa mizani kwelikweli.

Lakini je, kupima vizuri peke yake kwatosha? Sikiliza kisa cha Creedmoor.

Tarehe 26 Septemba mwaka 1874, katika uwanja wa Creedmoor karibu na New York, palikuwa na mashindano ya shabaha baina ya Waayalandi na Wamarekani, watu sita kwa sita. Masafa yalikuwa yadi 800, 900 na 1,000. Waayalandi walikuja na bunduki za kushindilia mdomoni zilizotengenezwa na Rigby, na walikuwa mabingwa wenye kusifika. Wamarekani walitumia bunduki mpya za kutilia nyuma, za Remington na Sharps. Mwisho wa siku Wamarekani walipata 934 na Waayalandi 931. Na ndani ya hesabu hiyo mna jambo. Mwayalandi mmoja, Milner, alipiga risasi safi ikaingia katikati kabisa ya shabaha, mahali pa alama nne. Lakini ile haikuwa shabaha yake! Alikuwa amelenga ubao wa jirani, basi hakupewa kitu. Zile nne zingehesabiwa, wangeshinda wao kwa alama moja.

Tafakari, ndugu yangu. Baruti ilipimwa sawa, mkono haukutetemeka, macho yalikuwa makali, na risasi ilifika palepale ilipopelekwa. Kosa lilikuwa moja tu, nalo ni kutojua ni shabaha ipi aliyotakiwa kuipiga.

Milner alikosa alama nne za mchezo, na mchezo ukaisha. Katika mwaka ule ule, katika mbuga za Marekani, wenye bunduki za namna hiyo walikuwa wakikosa shabaha iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mbuga zile zilikuwa na nyati wa Marekani, waitwao baisani. Wataalamu hukadiria kwamba zamani walifika baina ya milioni 30 na milioni 60. Wenyeji wa nchi ile, Wacomanche, Wakiowa, Wacheyenne, Walakota na wengineo, walipata kwao chakula, mavazi, mahema na vyombo. Ilipofika mwaka 1871 mafundi walikuwa wamepata njia ya kuifanya ngozi ya nyati kuwa mikanda imara ya mitambo ya viwandani. Mwaka 1872 reli ikafika Dodge City katika Kansas. Soko likawapo na njia ya kupelekea mali ikawapo, na wawindaji wakamiminika.

Bunduki iliyopendwa zaidi ilikuwa ya Sharps. Kiasi chake kikubwa kilichukua baina ya greni 90 na 110 za baruti. Wawindaji wengi walinunua baruti na risasi kwa wingi, na usiku, baada ya kazi, walikaa kandoni mwa moto wakiyeyusha, wakimimina, wakipima na kujaza maganda ya mchana. Haikuwa kazi ya kubahatisha. Asubuhi mpigaji hulala chini upande ambao upepo hautampelekea nyati harufu yake, mamia ya yadi mbali nao, akaegemeza mtutu juu ya vijiti viwili vilivyofungwa msalaba. Kwanza humpiga jike aongozaye kundi, akampiga mapafuni. Wenziwe huzunguka wakinusa damu, hawajui adui yuko wapi. Yule anayetaka kuondoka ndiye apigwaye baada yake. Mtutu ukipata moto sana humwagiwa maji. Hivyo mtu mmoja aliweza kuua makumi kwa kikao kimoja.

Kisha ngozi ikachunwa, na nyama? Iliachwa ikaoza. Mwanzoni hata ngozi nyingi ziliharibika kwa kuchunwa vibaya. Katika miaka mitatu, 1872 hadi 1874, ngozi zaidi ya milioni moja zilisafirishwa kwa reli. Kundi la kusini lilikuwa limekwisha kabla ya mwaka 1880, na kundi kubwa la kaskazini likaisha mwaka 1883. Mtaalamu wa wanyama William Hornaday alipohesabu nyati waliobaki hai mwanzoni mwa mwaka 1889, wa mwituni na wa kufugwa, alipata 1,091.

Wenyeji walipatwa na njaa, wakawekwa katika maeneo waliyotengewa, wakingojea posho ya serikali. Wawindaji nao wakaikosa kazi ile waliyoijua. Mbugani ikabaki mifupa, watu wakaiokota na kuiuza iwe mbolea.

Msomaji, hebu waone watu hawa usiku. Mmoja ameketi na kipimo chake mkononi, na akizidisha baruti kidogo huirudisha. Hakubali kiasi kipite mpaka. Lakini mtu huyo huyo, kutwa nzima, hakuipimia nafsi yake hata mara moja akaiambia, "Leo yatosha." Alijua kiasi cha bunduki, asijue kiasi cha nafsi.

Dini yetu haikukataza kuwinda. Mwenye kuwinda ili ale na kulisha, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu, riziki yake ni halali. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) amekataza mnyama aliye hai asifanywe shabaha ya mchezo, na israfu imekatazwa hata katika kilicho halali. Halali ina mlango, na mlango una kizingiti.

Wala usiseme kwamba hayo ni ya Marekani, hayatuhusu. Sisi tunayo baruti yetu. Katika Tanzania uvuvi wa baruti umekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1970, na hata hivyo miaka mingi baadaye mlipuko uliendelea kusikika katika pwani yetu. Mlipuko mmoja huua samaki mkubwa na mchanga, atakayeliwa na asiyeliwa. Wengi hupasuka kibofu cha pumzi wakazama, mvuvi asiwapate. Matumbawe yaliyojengeka kwa miaka mingi huvunjika kwa dakika moja, na kuota kwake tena kwataka miaka na miaka. Mvuvi anayejua kupima urefu wa utambi asijilipue mwenyewe, lakini asiyejiuliza watoto wake watavua nini, ni ndugu wa yule mwindaji wa mbugani. Nasi tunaonunua samaki yule kwa kuwa ni rahisi, huku tukijua alivyovuliwa, tumo katika hesabu.

Walakini mlango wa kurudi haukufungwa. Hornaday yule yule aliyeandika habari za kwisha kwa nyati, ambaye mwenyewe alipata kuwawinda kwa ajili ya makumbusho, aligeuka akawa mlinzi wao. Mwaka 1907 nyati 15 walipelekwa kwa reli kutoka bustani ya wanyama ya New York hadi Oklahoma ili wazae huko. Leo nyati wa Marekani wamefika mamia ya maelfu, ingawa walio wengi ni wa kufugwa mashambani. Hawakurudi kuwa mamilioni, lakini hawakutoweka. Wachache waliojua kusema "yatosha" waliwahi kabla ya kuchelewa.

Basi ewe baba, ewe mama, mwanao akikuona ukipima unga, ukipima nguo, ukipima dawa, mfundishe pia kipimo ambacho hakiuzwi dukani: ajiulize kabla ya kila tendo, hii ni shabaha yangu kweli, na je, haijatosha? Yule mzee wa gobori hakusoma vitabu vingi, lakini alijua kwamba kinachozidi humrudia mwenyewe. Sikuzote alirudi nyumbani na mtutu mzima, na shamba lake likalisha wajukuu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kiasi katika mikono yetu na katika nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.