Losungen
Losungen ni kitabu cha mistari ya Biblia ya kila siku kinachotolewa na Kanisa la Moravian huko Herrnhut, Ujerumani. Desturi hiyo ilianzishwa na Nikolaus Ludwig von Zinzendorf mwaka 1728; toleo la kwanza lililochapwa lilikuwa la mwaka 1731. Mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kupiga kura, kisha huchaguliwa wa Agano Jipya unaooana nao.

Hata hivyo, mstari wa namna hiyo ukisomwa peke yake ni rahisi kupotoshwa. Wafilipi 4:13, kwa mfano, hudhaniwa kuahidi ushindi, ilhali Paulo, akiwa kifungoni, alizungumzia kuridhika katika dhiki na katika wingi.

Kanisa la Moravian lipo pia Tanzania, ambako wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891.