Jina la Baba, Ukoo wa Mama

Karibu kila fomu inayojazwa Dakawa, iwe ya kitambulisho cha taifa, ya mkopo wa pembejeo au ya kumwandikisha mtoto shule, ina nafasi tatu za majina: la kwanza, la kati na la ukoo. Mkulima wa mpunga mwenye asili ya Uluguru huzijaza bila kusita. Anaandika lake, la baba yake, kisha la babu mzaa baba. Kwa hesabu ya wazee wake, katika ile nafasi ya "jina la ukoo" ameandika mtu ambaye mara nyingi si wa ukoo wake kabisa.

Mluguru ni wa mama. Lukolo, yaani ukoo, hupokelewa kwa mama, naye aliupokea kwa mama yake, na kuendelea hivyo hadi kwa bibi wa mwanzo anayekumbukwa. Baba ni mtu wa lukolo ya mama yake; babu naye ana ya kwake. Na kwa kuwa watu wa lukolo moja hawaoani, baba na mwanawe hawawi wa ukoo mmoja. Mashamba ya milimani yaligawiwa kwa njia hiyo, na utawala ulirithiwa kwa njia hiyo. Anayetawazwa kuwa chifu kule Kinole huitwa Kingalu, kama aliyemtangulia, na cheo humfikia kwa upande wa mama: mjomba humwachia mpwa, si baba kumwachia mwana.

Dakawa ipo kwenye bonde la Wami, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Kusini kuna Uluguru, kaskazini Milima ya Nguu, magharibi Ukaguru. Waluguru, Wanguu, Wakaguru, Wazigua, Wakwere na Wakutu wote huhesabu ukoo kwa mama, na mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliwakusanya pamoja na jirani zao katika kitabu kimoja mwaka 1967. Ni ajabu, basi, kwamba majina yao ya kwenye karatasi yanahesabu baba tu.

Jina la baba lilipanda huku kutoka pwani pamoja na Uislamu na misafara, kwa mtindo wa fulani bin fulani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofungua kituo cha Mhonda mwaka 1877, walileta majina ya ubatizo. Lakini aliyelikaza jina la baba, kwa maoni yangu, ni mtoza kodi. Kodi ya vibanda ya Wajerumani ilianza kudaiwa mwaka 1898, na kodi inahitaji daftari. Daftari linataka jina lisilobadilika mwaka hata mwaka, na aliyeandikwa kuwa mwenye nyumba aghalabu alikuwa mwanamume. Waingereza waliendelea na daftari hilohilo kwa kodi ya kichwa. Lukolo haikuwa na safu yake humo, kwa sababu hakuna aliyetozwa kodi kwa lukolo.

Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Nusu karne kabla, mwezi Novemba 1849, Gavana Narciso Clavería aliyekuwa akiitawala Ufilipino kwa niaba ya Hispania alitoa amri kwamba kila familia ichukue jina la ukoo kutoka kwenye orodha iliyochapishwa, yenye maelfu kwa maelfu ya majina. Makarani walikuwa wamechoka kutafuta walipa kodi wanaofanana majina. Kurasa za orodha ziligawiwa mji kwa mji, na hadi leo katika mji wa Oas, jimboni Albay, majina mengi ya ukoo yanaanza kwa herufi R.

Wahispania wenyewe walikuwa wameyapata majina yao polepole. Mwana wa Rodrigo aliitwa Rodríguez, wa Gonzalo González, wa Sancho Sánchez. Mhunzi alibaki na jina Herrero, mwembamba Delgado, aliyetoka Navarra akawa Navarro. Mtoto aliyeokotwa mlangoni mwa kanisa aliitwa Expósito, na wajukuu zake walilibeba jina hilo kama kovu. Ile -ez ya mwisho, ambayo kwa Kireno ni -es na iliyofika Afrika Mashariki na akina Fernandes na Rodrigues kutoka Goa, inafanya kazi ileile ya Ng'wana wa Kisukuma au Mwa- ya Wanyakyusa. Wasukuma na Wanyakyusa utawakuta Dakawa leo, kwa maana mpunga wa umwagiliaji umeita watu kutoka kila pembe ya nchi.

Lakini kuna jambo moja Wahispania walilifanya ambalo sisi hatukulifanya. Mtoto wao hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na yote mawili huandikwa serikalini. Zamani la baba lilitangulia kwa lazima. Tangu 1999 wazazi wanaruhusiwa kuyageuza. Hesabu yao haifiki mbali, maana jina la mama nalo ni la babu mzaa mama. Hata hivyo mama yumo ndani ya jina. Hapa Dakawa, palipo na watu ambao mama ndiye ukoo wenyewe, cheti cha kuzaliwa kinamtaja mama bila kutaja lukolo yake.

Dakawa ina kisa kingine cha majina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipewa ardhi hapa kwa ajili ya wakimbizi wake, nyongeza ya shule yake ya Mazimbu iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wapigania uhuru wengi waliishi kwa majina ya kujipachika. Jina halisi likisikika na mpelelezi wa makaburu, mama na wadogo zake waliobaki nyumbani wangeteswa. Chris Hani mwenyewe alibatizwa Martin; Chris lilikuwa jina la ndugu yake.

Wengine walioa au kuzaa na wanawake wa Morogoro. Historia ya wanawake hao iliandikwa kwa kina na Arianna Lissoni na Maria Suriano mwaka 2014. Baada ya 1990 wageni walianza kurejea kwao, na mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Wako watoto waliobaki. Kama baba alijulikana hapa kwa jina la vita tu, mtoto akienda kuulizia Johannesburg anauliza habari za mtu asiyejulikana na jamaa yeyote. Nafasi mbili za fomu yake, ya jina la kati na ya jina la ukoo, hazina majibu.

Hapo ndipo hesabu ya wazee inaponigusa zaidi. Mtoto huyo, kama mama yake ni Mluguru, hajapungukiwa ukoo hata siku moja. Ana lukolo kamili tangu kuzaliwa, ana bibi, ana wajomba wenye wajibu kwake, na likija suala la shamba la ukoo kule milimani, hakuna mjomba atakayemuuliza baba yake aliitwa nani Soweto.