Triple J Hottest 100

Triple J Hottest 100 ni shindano la muziki la kila mwaka nchini Australia. Washindi wake huchaguliwa kwa kura za wasikilizaji wa Triple J, redio ya umma inayolenga vijana. Nyimbo 100 zilizopata kura nyingi hupigwa redioni kuanzia ya 100 hadi ya kwanza.

== Historia ==
Shindano lilianza mwaka 1989. Mwanzoni wimbo wa mwaka wowote uliruhusiwa. *Love Will Tear Us Apart* wa bendi ya Joy Division ulishinda mara mbili mfululizo. Tangu toleo la 1993 hushindanishwa nyimbo za mwaka husika tu.

== Upigaji kura ==
Kura hupigwa kwa njia ya intaneti, na kila mpigakura huchagua nyimbo zisizozidi 10.

Mnamo Januari 2015 mashabiki waliendesha kampeni mtandaoni kuupigia kura wimbo *Shake It Off* wa Taylor Swift, ambao Triple J haikuwa ikiupiga. Kampuni za biashara nazo ziliitumia kampeni hiyo kujitangaza. Redio iliuondoa wimbo huo kwa kukiuka kanuni, ingawa kwa kura zake ungeshika nafasi ya 12. Uamuzi huo ulizua mjadala: je, kuhamasishana ni haki ya mashabiki au ni kuvuruga uchaguzi?