Nyayo za Brazili na Kameruni

Mtu aitazamaye ramani ya dunia kwa makini hakosi kuona kwamba bega la mashariki la Brazili linalandana na kwapa la Afrika, pale pwani ya Ghuba ya Guinea inapojikunja karibu na Kameruni, kiasi kwamba lau bahari ya Atlantiki ingeondolewa na mabara hayo mawili yakasogezwa, moja lingeketi barabara katika pengo la jingine. Mchora ramani Abraham Ortelius wa Antwerp alilitaja jambo hilo tangu mwaka 1596; lakini zilipita karne zaidi ya tatu kabla Mjerumani Alfred Wegener hajathubutu, mwaka 1912, kunena hadharani kwamba mabara yote yalikuwa nchi moja na kwamba yamehama. Wanazuoni wengi wa miamba walimkataa, kwa kuwa hakuweza kubainisha ni nguvu gani iliyoyasukuma. Miongoni mwa wachache waliomsadiki alikuwamo Alexander du Toit wa Afrika Kusini, aliyesafiri mwaka 1923 hadi Amerika ya Kusini ili ailinganishe kwa macho yake miamba ya kule na ile ya kwao, akarejea na yakini.

Katika ushahidi wote uliokusanywa tangu siku hizo, naona hakuna ulio karibu zaidi na uhai kuliko nyayo za dinosaria. Sisi wa Afrika ya Mashariki tumezoea habari za mifupa yao, kwa sababu ya ile ya Tendaguru, iliyochimbwa kwa mikono ya mamia ya watu wa Lindi kati ya miaka 1909 na 1913, ikapakiwa merikebuni hadi Berlin, iliko mpaka leo. Lakini mfupa ni shahidi awezaye kuchukuliwa: mnyama akifa mtoni, maji huukokota mzoga wake, na yamkini ukafukiwa baidi na malisho yake. Unyayo hausafiri hivyo. Ulipo ndipo mguu ulipokanyaga, siku ambayo tope halikuwa jepesi mno hata likaifumba alama, wala kavu mno hata likakataa kuipokea. Kisha jua likalikausha, na mafuriko yakaja na mchanga mwingine, yakalifunika kabla halijaharibika.

Kaskazini mashariki ya Brazili, katika jimbo la Paraíba, hupita karibu na mji wa Sousa mto uitwao Rio do Peixe, ambao majira ya ukame hukauka na kuacha wazi sakafu ya mwamba iliyojaa nyayo hizo. Mhandisi Luciano Jacques de Moraes aliziandikia habari mwaka 1924, na tangu miaka ya 1970 padri Mwitalia Giuseppe Leonardi alizifuatia, akizipima na kuzichora kwa subira ambayo haina budi kuheshimiwa. Ng'ambo ya bahari, kaskazini ya Kameruni, liko bonde la Koum, ambako Louis Jacobs wa Marekani, Michel Brunet wa Ufaransa na wenzao walichunguza nyayo nyingine katika miaka ya 1980. Mwaka 2024 Jacobs na wenzake walizitia pande hizo mbili katika mizani moja: nyayo zaidi ya 260, zenye umri wa miaka kadiri ya milioni 120, na kati ya pande hizo leo umetanda umbali wa zaidi ya kilomita 6,000.

Aghalabu ni nyayo za wala nyama wenye vidole vitatu. Chache ni za wala majani. Hapa yapasa kusema kwa uadilifu kwamba vidole vitatu peke yake havithibitishi kuwa mnyama wa Sousa na wa Koum walikuwa wa jinsi moja hasa, kwani miguu ya aina nyingi ilifanana. Nguvu ya hoja imo katika kukutana kwa mambo: chavua ya mimea ya kale iliyohifadhiwa katika mashapo inaafiki umri huo, na mabonde yenyewe yalizaliwa kwa namna moja, ardhi ilipoanza kupasuka, upande mmoja wa ufa ukazama, mito ikateremkia humo, maziwa yakajaa. Kingo zilizomea majani ziliwavuta wala majani, na wala nyama wakawafuata, katika shingo ya nchi iliyokuwa miongoni mwa viungo vya mwisho kukatika kati ya mabara hayo. Hawakuvuka bahari, maana hapo hapakuwa na bahari ya kuvuka. Tangu walipopita, unyayo haukusogea katika mwamba ule. Miamba yenyewe ndiyo iliyochukuliwa, huku magma ikipanda katika ufa na kuumba sakafu mpya ya bahari.

Atakaye kuiona nchi ya namna ile anaweza kuizuru katika Bonde la Ufa, kwani maziwa Tanganyika na Nyasa yamekaa katika mabonde yaliyozama upande mmoja vivyo hivyo, na ardhi ya huko ingali ikitanuka kwa milimita chache kila mwaka.